Mama Yako Anasema Usisome

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na mgongo wako haujagoma tena. Mimi sijambo. Kanisa langu dogo hapa jirani na karakana ya reli linajaa mpaka watu wanasimama madirishani. Wazee wa kanisa wananiambia wengi wanakuja kuona mwanamke anavyohubiri, si kusikia anachohubiri. Nimewaambia wakishaingia ndani, mengine waniachie mimi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Watu wa machimbo unawajua. Babu zao waliletwa kuvunja mawe, na mawe hayo ndiyo yaliyojenga ofisi zote za mji huu. Mpaka leo sheria inawaita wageni. Hawapigi kura, hawamiliki kiwanja, na wakikutwa mjini bila kibali wanalala rumande. Mwezi uliopita nilimzika mama kijana aliyejifungulia nje ya geti la hospitali, kwa sababu kibali chake kilikuwa kimeisha muda na mlinzi akakataa kumfungulia. Sheikh wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara yetu alikuja mazishini. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mchungaji, mimi na wewe tunazika vizuri sana. Hatuna jingine tunalolijua?"

Sikulala vizuri na swali lile. Basi tumekubaliana, yeye na mimi na wengine wachache, kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huu tutatembea na watu wa machimbo mpaka ofisi ya uandikishaji wa wapiga kura, wakaombe kuandikwa kama raia wengine. Askofu wangu ameniambia niwe na subira. Ana subira nyingi yule baba, za kwake na za kugawia wengine.

Nakuomba uje, baba. Njoo na wenzako wa vitani mliobaki, mkiwa na medali zenu kifuani. Watu wakimpiga mchungaji wanaweza kusema hawakumtambua. Kwenu nyinyi hawataweza kusema hivyo. Wataangalia medali watafikiri mara mbili.

Mbusu mama kwa niaba yangu, hata akikimbia.

Chiriku wako


9 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mgongo umegoma na unaendelea na mgomo, asante kwa kuuliza.

Siji. Nasema mapema ili usisome barua yote ukitafuta "lakini". Medali zangu ziko kwenye kopo la misumari na humo zitakaa. Mimi niliendesha lori la risasi kwenye barabara zilizotegwa mabomu, na watu waliokuwa wakisema "adui atafikiri mara mbili" niliwarudisha nyuma ya lori langu wamefunikwa turubai.

Unadhani habari za machimbo sizijui? Kobe yuko hapa kibandani kwangu sasa hivi, anaziba pancha. Tulikuwa lori moja, mimi dereva, yeye fundi, vita nzima. Tuliporudi mimi nikapewa kitambulisho, yeye akapewa kibali. Siku ya kura mimi naingia ndani, yeye ananishikia baiskeli nje, na tukirudi hapa tunacheza drafti kama kawaida. Dunia ndivyo ilivyo, mwanangu, na sisi tumezeeka ndani yake.

Nimemsomea barua yako. Ameziba ile pancha mpaka mwisho, akajaza upepo, akasikiliza kama unavuja. Halafu akasema, "Mwambie mwanangu nitakuja." Nimemwambia yeye ni mzee mpumbavu. Amesema hata vitani nilikuwa namwambia hivyo hivyo.

Wewe ni mtoto wangu wa pekee. Hubiri. Batiza. Zika. Usitembee.

Baba yako

*Mwanangu, ni mimi mama, naongeza hapa chini kabla hajaibandika. Baba yako jana alizitoa medali kwenye kopo akazifuta, alidhani nimekwenda sokoni. Usimwambie nimekuambia. Kula vizuri. Na ukitembea, usivae vile viatu vyako vyembamba.*


2 Aprili

Baba na mama,

Shikamooni. Msishtuke kuona mwandiko si wangu. Naandikiwa na mwenzangu wa humu gerezani, mwalimu wa chekechea, ambaye herufi zake zimekaa kwenye mstari. Mwandiko wangu mnaujua. Afisa anayesoma barua zetu ana kazi nyingi, tusimtese.

Mmeshasikia redioni, nadhani. Tulifika mpaka kwenye ngazi za ofisi. Mbele alikuwa Kobe, na sheikh, na mimi. Yaliyofuata siyaandiki kwa sababu hayatapita. Naomba mniambie kama Kobe yuko salama. Mara ya mwisho nilimwona amekaa chini katikati ya watu wanaokimbia, anapapasa akitafuta kofia yake.

Sheikh yuko upande wa wanaume, nyuma ya ukuta wa jikoni. Alfajiri tunamsikia akitoa adhana, na wanawake wa huku, hata wasio wa dini yake, wananyamaza mpaka amalize. Akimaliza mimi naanza wimbo, naye anagonga ukuta kwa kijiko. Ndiyo ibada yetu.

Baba, sikukulaumu kwa kutokuja. Nilitazama nyuma mara moja tu.

Mama, niongezee mstari wako. Hata wa kunigombeza.

Chiriku wenu


10 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Na wewe afisa unayesoma, habari za kazi. Ikiwa nimekuzidi umri, shikamoo yako naipokea hapo hapo ulipo.

Kobe yuko kwangu. Kichwa kilipasuka. Hospitali walimwambia asubiri dirisha la nje, akasubiri mpaka damu ikakauka yenyewe, nikaenda kumchukua. Ameshonwa na mzee aliyekuwa mganga wa kikosi chetu, kwenye kiti cha wateja hapa kibandani, bila ganzi. Nikamwambia, "Si nilikwambia wewe ni mzee mpumbavu?" Akasema, "Na mwanao, ulimwachia nani amlinde?"

Basi nimevaa medali. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa wote wa kikosi chetu ambao bado wanavuta pumzi. Mmoja aliniambia ana mjukuu serikalini. Mwingine alinifungia mlango, halafu akanikuta njiani, ameshavaa koti, amekasirika kwamba nilikata tamaa upesi. Jumatatu tulikwenda kukaa kwenye zile ngazi za ofisi. Wamekuja pia viongozi wa dini, wa kila namna. Askofu wako naye alikuja, na kiti chake cha kukunja, subira yake naona imemwishia. Askari kijana alitumwa kutuondoa. Akafika, akaziona medali, mkono wake ukapiga saluti kabla hajakumbuka alichotumwa. Tumesema tutarudi kila Jumatatu.

Mama yako ameteguka mkono wa kulia, ndiyo maana hajaongeza mstari. Shangazi yako amekuja kukaa nasi kidogo, anasaidia kupika. Mama anakusalimu sana.

Sasa wewe niambie, kwa nini kweli huandiki mwenyewe?

Baba yako


29 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Huu mwandiko wa kuku ni wangu, wa mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vilikanyagwa siku ile, vinapona ingawa vimekaa vibaya kidogo. Sikutaka mama ajue. Kumbe mimi na yeye tumepatwa na jambo moja. Mwambie naye ajaribu kushoto, tushindane nani anaharibu karatasi zaidi.

Habari zenu zimefika humu kabla ya barua yako. Bibi askari mmoja, mkali sana, alikuja mlangoni akajifanya anakagua kufuli, akasema polepole, "Wazee wenye medali wamekaa ngazini tena." Nikaona kama amenipa maji. Nilikwenda chooni nikalia, maana ndipo mahali pekee humu mtu anapoachwa alie peke yake. Baba, umekuja. Umechelewa kidogo, lakini umekuja.

Sasa sikiliza. Leo nimeitwa ofisini. Nilimkuta mtu amevaa tai, na chai kwenye vikombe vyenye visahani. Ameniambia nikisoma tamko redioni kwamba nilipotoshwa, na kwamba watu wa machimbo wasubiri wakati wao, nitaachiwa siku hiyo hiyo. Sheikh naye ameambiwa hivyo. Amejibu kwamba sauti yake haifai redioni. Mimi nilisema hapana. Lakini niliposimama kuondoka yule mtu akaniuliza, "Na mama yako, hajambo?" Aliuliza kwa upole mno.

Mama hajambo, baba?

Nimesali sijapata jibu. Najua nikilisoma tamko lile, watu wa machimbo watavunjika moyo, na nyinyi mtafukuzwa ngazini mkizomewa. Najua pia mimi ni mtoto wenu mmoja. Basi nimeamua hivi: neno hili namwachia mama. Akisema nisome, nitasoma, nitarudi nyumbani, na Mungu atanihukumu kwa huruma yake. Akisema nisisome, nitakaa humu mpaka watakapochoka wao. Niandikie jibu lake, maneno yake mwenyewe.

Chiriku wako


6 Mei

Chiriku,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mkono unapona polepole. Amejaribu kuandika kwa kushoto kama ulivyosema, amechafua karatasi, amecheka, ameacha.

Nimemsomea barua yako.

Mama yako anasema usisome.

Jumatatu tulikuwa wengi mpaka ngazi zikajaa, wengine wakakaa barabarani. Kuna mwenzetu asiyeona, macho aliyaacha vitani, alikuja ameshikwa mkono na mtawa. Wanawake wa machimbo walituletea maji wakazuiwa kuvuka barabara, basi sisi tukavuka kuyafuata. Wazee wote wale na magongo yao, askari wamesimama hawajui wafanye nini. Kobe anakusalimu. Kovu lake analionyesha kila mteja, atanifukuzia wateja.

Naishia hapa, kuna tairi linanisubiri.

Baba yako


18 Julai

Baba na mama,

Shikamooni. Naandika haya nimekaa kwenye benchi la stendi. Tumeachiwa, wote. Na mmeshasikia: uandikishaji umefunguliwa kwa watu wa machimbo. Yule bibi askari mkali alinifungulia mlango, akasema, "Haya, nenda ukatusumbue huko nje." Sheikh amekonda mpaka kanzu inamtembelea mwilini. Tulipoonana getini tulicheka tu kama watoto, halafu tukaacha kucheka.

Barua zangu za Juni hamkuzijibu, nadhani zilikwama mezani kwa afisa. Haidhuru, sasa tutazungumza.

Nitapita kanisani, halafu nakuja kwenu. Huenda nikafika pamoja na barua hii. Mama, nimekununulia shali, rangi ile unayosema ni ya wasichana. Usipike chochote, usifagie, usihangaike. Kaa tu nikutazame.

Chiriku wenu


3 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga. Ningekungoja urudi, ningesema maneno ambayo binti hamwambii baba yake.

Hukuwapo nilipofika. Ulikuwa umempeleka Kobe kuandikishwa. Shangazi alikuwa anafagia ua. Aliponiona alilaza ufagio, akaketi pale pale chini, akaweka mikono kichwani. Sikuwa nimesema hodi. Nilikuwa nimeishika ile shali mkononi, nimeikunjua ili mama aione kutoka mlangoni.

Shangazi alinipeleka makaburini. Msalaba una tarehe, na barua yako ina tarehe. Zimepishana kidogo sana, baba. Uliponiandikia kwamba amecheka, alikuwa anakata roho. Shangazi anasema kiharusi kilimwangusha asubuhi ile redio ilipotangaza tumekamatwa. Anasema upande wote wa kulia ulikufa, na ulimi ukawa mzito, na neno alilolitoa kwa shida lilikuwa la kuniita mimi. Mimi nilikuwa nimekaa gerezani najivunia mama yangu, nawaambia wenzangu, "Mama yangu amesema nisisome, mnamwona mama yangu alivyo?" Walimwimbia wimbo.

Watu wananisimamisha njiani kunishukuru. Jana mama mmoja wa machimbo alinionyesha kitambulisho chake, amekifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga, akaniambia, "Mchungaji, ungelisoma lile tamko tungekuwa tumekwisha." Anasema kweli. Nilimkumbatia, na nikamchukia, vyote kwa wakati mmoja, na hakujua. Jumapili nilipanda mimbarini nikafungua kinywa, hapakutoka kitu. Watu walingoja. Sheikh alikuwa amekuja kunisikiliza, amekaa benchi la nyuma. Akanyanyuka, akaja mbele ya watu wote, akanishika mkono, akanishusha. Nje aliniuliza, "Umeshamwandikia baba yako?" Nikasema siwezi. Akasema, "Waumini wangu wanasema mzee yule kila Jumatatu alikuwa anakaa pembeni, watu wakishangilia yeye anatazama chini. Hawakujua sababu. Mwandikie."

Basi nimeandika. Sikuulizi kwa nini. Nilikuomba maneno ya mama mwenyewe, na maneno hayo ni yangu, si yako. Niandikie alichosema. Usiongeze, usipunguze.

Binti yako


12 Agosti

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaitia motoni. Leo Kobe amekuja kibandani, ameniondoa kwenye tairi nililokuwa nalo, amesema, "Usipoandika wewe nitaandika mimi, na mimi sijui kupamba." Ameketi hapa, ananilinda kama mfungwa.

Shangazi yako hakusema uongo. Ilikuwa kama alivyokwambia.

Kwanza nilikuficha kwa sababu ya gereza na mengine yote, nikisema una mzigo wa kukutosha. Halafu yule mtu wa tai alikuja kwangu kabla hajaja kwako. Alikaa kiti cha wateja. Akasema, "Mzee, mwandikie mwanao hali ya mama yake, sisi hatatuamini. Barua hiyo sisi wenyewe tutaifikisha siku hiyo hiyo." Barua nyingine zote zilikuwa zinakaa kwao juma zima. Nikaelewa kwamba ugonjwa wa mama yako umekuwa bunduki mikononi mwao, nikaapa sitawapa risasi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli pia kwamba pale ngazini watu walikuwa wananipa mkono wakisema, "Huyu ndiye baba wa mchungaji." Na Kobe alikuwa amekaa karibu yangu na nyuzi kichwani, mtu aliyekuja pale mimi nilipokataa. Sijui ni ipi kati ya hizo iliyoshika kalamu. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sijui.

Barua yako nilimsomea. Hapo sikukudanganya. Nilikaa kitandani kwake nikamsomea yote, polepole, mpaka pale uliposema Mungu atakuhukumu kwa huruma yake. Nikamuuliza, "Mama Chiriku, tumwambieje? Asome au asisome?" Hakusema usome. Hakusema usisome. Alisema, "Mlete."

Ndilo neno lake. Nimelirudisha kwako, ni lako. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikaandika lile nililoliandika. Baada ya mazishi nikashindwa kuandika hata uongo, ndiyo maana Juni hukupata kitu. Kaburi walilichimba watu wa machimbo. Walinikataza kushika sepetu, nami nikasimama pale nikitazama wanavyonihurumia, na hawakujua walichokuwa wanakizika.

Hukuuliza zaidi, lakini yapo zaidi, nayo pia ni yako. Baada ya siku ile alibaki na neno moja tu. Kila mlango ulipofunguliwa, awe shangazi yako na maji, awe Kobe, uwe upepo tu, aligeuza macho akauliza, "Amefika?" Nami nikamjibu, "Yuko njiani." Akatulia. Mlango ukifunguliwa tena, "Amefika?" "Yuko njiani, mama. Amekaribia."

Siku ya mwisho niliingia mimi mwenyewe. Aligeuza macho akanitazama, lakini hakuuliza. Nikamwambia hata hivyo.

Baba yako